Mto Ulikuwa Umeshawachimbia

Thuraya, mwanangu wa pekee,

Tangu Ijumaa sijakaa sawa. Baba yako anadhani ni presha. Amenifunga kile kidude chake mkononi asubuhi na jioni, na kila mara kinasema mimi ni mzima. Si presha. Nimeshtuka, na mshtuko wenyewe umekataa kunitoka. Nilidhani mtu wa umri wangu, aliyehama nchi akiwa mtoto na kuwazika wazee wake wote, hana tena cha kumshtua. Kumbe kilikuwapo, tena si mbali na nyumbani, mwendo wa gari wa asubuhi moja.

Wewe na baba yako mmekwenda Mawaleh kumuaga shangazi yako. Mimi nimesingizia kichwa. Kichwa hakiniumi hata kidogo. Nimebaki ili nikuandikie, kwa sababu kesho unaondoka na sisi wawili, tangu ile jioni ya mezani, tunazungumza habari za mabegi tu. Umeliona mwenyewe. Nakuuliza kama koti limeingia, unanijibu, "Ndiyo, Mama." Basi, mazungumzo yamekwisha. Kwa hiyo mabegi hayamo katika barua hii. Koti ukilisahau utanunua jengine, na kupika unajua kuliko unavyojifanya.

Nianze na neno langu, maana ndilo lililotufikisha hapa.

Tulikuwa tunakula. Ulikuwa unamega mkate, hukuniangalia, ukasema kwa sauti ya chini: "Mama, famasi siendi tena. Nimebadilisha. Nnakwenda kusoma mawe na migodi." Ulikuwa umeshaandikiana na chuo, umeshakubaliwa, na baba yako keshajua. Katika nyumba yangu mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikisikia habari mpya. Mkono wangu ulikuwa umeshika bakuli la mchuzi. Sikuliweka chini wala sikukupa. Nililishika tu hewani. Nikasema neno ambalo mama yangu hajapata kuniambia mimi, wala bibi yangu hakumwambia yeye. Nikasema, "Nenda. Lakini radhi yangu hupati."

Baba yako aliacha kutafuna. Wewe uliinuka, ukanawa mikono, ukaingia chumbani kwako ukafunga mlango bila ya kuubamiza. Ungeubamiza ningepata cha kukasirikia.

Unajua kwetu radhi ni kitu gani. Watu wanaokosana miaka huitana kitandani kwa mgonjwa ili waiombe. Ni bora kuliko mali, ndivyo tulivyofunzwa, na mali yenyewe tulishaiona inavyopotea. Mtu akianguka katika biashara, akiachwa na mke, akipata ajali, wa mwanzo kuulizwa huwa ni mama yake: ulimridhia? Na mimi nilikunyima kitu hicho kama mtu anayemnyima mtoto halua kabla ya chakula. Siku ya pili baba yako aliniambia, "Mama Thuraya, lile neno lirudishe." Nikamwambia, "Silirudishi." Kweli yenyewe ni kwamba sikujua linarudishwa vipi. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi si hodari wa kuinama na kitambaa.

Sasa nikwambie kwa nini nilisema, ingawa sababu hailifanyi neno kuwa jema.

Kisa cha mafiga umekisikia mpaka umechoka. Nakirudia kwa sababu tangu Ijumaa kimekuwa kisa chengine. Tulipotoka Unguja mimi nilikuwa mtoto wa chuo cha Kurani bado, natembea na juzuu yangu. Babu yako alitupeleka kwanza kijijini kwao, kwenye ile wadi, lile bonde la mto, iliyo nyuma ya pwani ya Batina, katika nyumba ya udongo ya wazee wake. Mama yangu, Bibi Zuwena wako, alishuka kwenye gari akatazama kulia akaona jiwe, kushoto jiwe, juu jiwe, akauliza, "Sasa hapa watu wanakula nini?" Hakuna aliyemjibu.

Akataka kupika kwa mafiga matatu, kama alivyozowea. Mlangoni mwa korongo, pale wadi inapotoka mlimani, palikuwa na lundo kubwa la mawe meusi, mazito kuliko umbo lao, na yale yaliyovunjika yaking'aa kama chupa. Akachagua matatu, akatubebesha. Jirani mmoja akamwambia kwa Kiarabu kwamba yale ni mawe ya majini, watu hawayagusi. Mama akamjibu kwa Kiswahili, akijua haeleweki: "Majini wa Unguja nnawajua kwa majina. Hawa wa huku watanizowea."

Siku ya Idi ikawa pilau. Chungu kimeshachemka, watu wameshaoga, mara figa moja likapasuka kwa mlio mkubwa, chungu kikalala ubavu, na pilau yote ikaenda mchangani. Mama alikaa chini na nguo yake mpya. Alilia, kisha katikati ya kulia akaanza kucheka, akasema, "Nchi ya jiwe, na jiwe lenyewe bovu." Haikupita muda tukahamia Maskati, na kijijini tukawa tunakwenda kwa maziko tu.

Msemo ule ukawa wa nyumba nzima. Ukikosekana umeme: nchi ya jiwe. Mvua ikibomoa barabara: nchi ya jiwe, na jiwe lenyewe bovu. Nimekulea nao. Ulipokuwa mdogo ukirudi na mawe mifukoni, mashine yangu ya kufulia ikinguruma kama inakata roho, niliyatupa yote nje nikikwambia hayo hayana kazi. Nilichotaka wewe uwe nacho ni elimu inayobebeka. Wazee wangu walikuwa na nyumba, na minazi, na jina mtaani, na hakuna hata kimoja kilichoingia kwenye sanduku. Mimi nikajifunza dawa, nikafungua duka langu Khuwair ya Kusini, na miaka yote hiyo nilijiambia: hata nikifukuzwa hapa kesho, watu wanaumwa kila nchi. Famasi inabebeka. Mgodi haubebeki. Mwenye mgodi amefungwa na mahali, na mimi naijua hatari ya kufungwa na mahali kuliko naijua hatari ya kitu chengine chochote. Sikukwambia hivyo mezani. Mezani nilikwambia neno moja baya, kwa sababu hofu ikiwa kubwa ulimi hauchagui.

Basi ukaja na ile safari yako. "Mama, kabla sijaondoka, nipe Ijumaa moja." Nilidhani unanipeleka kula. Nilivaa viatu vizuri, na wewe ukaviangalia ukanyamaza, mwana mjinga wee.

Tulipofika mlangoni mwa korongo la kijijini kwetu nilikasirika. Nilidhani umenileta kwenye makaburi ili unilainishe. Wewe ukaegesha gari kwenye kivuli, ukashuka, ukaniambia, "Bibi aliokota wapi mafiga yake?" Nikakuonyesha kwa kidole. Lundo lilikuwa pale pale, limekuwa refu kuliko nilivyolikumbuka, na kwa kawaida vitu vya utotoni hupungua.

"Mama, haya si mawe," ukasema.

"Ni nini basi?"

"Mavi ya shaba. Takataka za tanuri. Watu waliyeyusha shaba hapa kabla ya Uislamu, na baada ya Uislamu tena, wakamwaga mabaki hapa. Lundo hili lote ni uchafu wa kazi."

Nilicheka. Nilidhani unanitania kwa ajili ya mama yangu. Kisha nikaona hucheki, nikatazama tena lile lundo, na likaendelea mpaka kwenye kona, na nyuma ya kona kulikuwa na jengine, na ng'ambo ya wadi jengine. Tumekula Idi yetu, au tumeikosa, juu ya takataka za kiwanda. Mama yangu aliuliza watu hapa wanakula nini, na jibu lilikuwa limerundikwa mbele ya macho yake, akalibeba kichwani mpaka nyumbani akalipikia.

Ukanishika mkono tukaingia ndani ya korongo. Pale ndipo uliponimaliza kabisa. Ulinionyesha ukuta wa mlima wenye mawe ya mviringo, yamelaliana kama mito ya kulalia iliyopangwa kabatini, ukasema ule ni moto wa ardhini uliotoka ndani ya maji ya bahari ukapoa.

"Bahari gani huku mlimani?"

"Hii yote ilikuwa chini ya bahari, Mama. Sakafu yake. Ikasukumwa ikapanda juu. Na shaba ilitoka na maji ya moto, huko huko chini, ikaganda kwenye mawe haya."

Nikakaa kwenye jiwe. Nilikuwa nikiumwa na viatu, lakini si viatu vilivyonikalisha. Maisha yangu yote nimewasikia watu wetu wakisema tumeacha bahari tukaja kwenye jiwe. Na wewe, na kofia yako ile ya kiume, unaniambia kwamba jiwe lenyewe ndiyo bahari.

Ukaniacha nipumue, kisha ukaendelea. Nilipenda ulivyonieleza, hukunisomesha, ulinitembeza. Ulinionyesha ule udongo mwekundu wa kutu ulio juu, chini yake mistari ya kijani kwenye mwamba, na chini kabisa maji ya wadi, kidogo, yanapita kwenye changarawe. Upepo ulikuwa umeanza kupanda kutoka Batina, unapita pale kwenye shingo ya korongo kwa nguvu. Mimi nimekaa na makaa tangu nizaliwe, nimeoka mikate kwa moto juu na moto chini, nikajiona nimeshaelewa kila kitu.

"Nnajua," nikakwambia. "Walichagua hapa kwa ajili ya upepo. Korongo ndilo mvukuto wao."

"Mivukuto ya kupulizia moto walikuwa nayo, Mama, ya ngozi. Upepo huu ungewazimia moto zaidi kuliko kuwawashia."

"Sasa kwa nini hapa?"

"Kwa sababu mto umeshawachimbia. Angalia. Kungekuwa tambarare, nani angejua kuna shaba chini? Wadi imeukata mlima ikafunua kila kitu, rangi zote. Mtu wa mwanzo hakuchimba. Alipita na mbuzi wake akaona kijani cha shaba."

Nimelifikiria lile neno lako siku zote hizi. Mto umeshawachimbia. Kwa hiyo kazi yote ile, matanuri yote yale, shaba iliyopelekwa mpaka Iraq kama ulivyoniambia, haikuanza na mfalme wala na mtu mwenye akili kupita wenziwe. Ilianza na maji kupita mahali pembamba kwa muda mrefu. Jiwe likaamua njia ya maji, maji yakafunua shaba, shaba ikaleta watu, na watu wakafuata chini ya wadi ile ile kwenda baharini kuuza. Wao walidhani wamechagua. Na mimi nilidhani babu yako ndiye aliyetuleta pale.

Kisha ukanipa kile kipande cha udongo uliochomeka, mwekundu upande mmoja, upande mwengine umeng'ara weusi. Ukaniambia ni ukuta wa tanuri. Nikakigeuza, nikaona alama za vidole. Vidole vinne, vimekandamiza udongo ulipokuwa mbichi, kama unavyokandamiza unga wa chapati ukingoni mwa sinia. Nikaweka vyangu. Vilikaa, ila vyangu ni vinene zaidi. Nilipiga kelele kidogo, unakumbuka, na mbuzi wa kijijini wakakimbia. Nilitaka kukitia kwenye mkoba.

"Hakichukuliwi, Mama. Kinakaa pale pale kilipokuwa."

"Kipande kimoja tu."

"Mama."

Nikakirudisha. Lakini vidole vyangu mpaka leo vinakikumbuka.

Tukala zile sambusa ulizokuja nazo kivulini, na ndipo nilipouliza swali langu la jikoni. Nilikuwa nikitazama yale malundo na kuyapima kwa macho, kama ninavyopima mkaa wa karamu. Kuyeyusha jiwe si kuchemsha wali. Nikakuuliza, "Makaa walitoa wapi?"

Ulionyesha vilima kwa kidevu, pande zote, vilima ambavyo mama yangu alivitukana siku ya mwanzo, vilivyo vitupu kama kiganja. Ukasema, "Kulikuwa na miti. Migunga, ile wanayoiita samr, mingi. Vipande vya makaa yake bado vimo ndani ya malundo. Walikata, wakachoma, wakaenda mbali zaidi wakakata. Kisha kazi ikasita. Ikarudi karne nyingi baadaye, miti ilipoota, wakaimaliza tena."

Nilishtuka mpaka nikahisi baridi kwenye joto lile. Nimekulia na picha moja kichwani, kwamba nchi hii Mungu aliiumba tupu na wazee wetu wakaikimbia kwa sababu ni tupu. Haikunijia hata siku moja kwamba utupu unaweza kutengenezwa, kwa mikono, kwa bidii, na watu wanaoamka alfajiri kwenda kazini.

"Kwa hivyo ndiyo maana wazee wetu walikimbilia Unguja," nikasema. "Miti imekwisha, udongo umezolewa na maji, njaa imeingia, wameondoka. Ni hawa hawa waliotufukuza."

"Taratibu, Mama. Baina ya matanuri na babu yake babu kuna karne na karne. Na mvua nayo ina lake. Huwezi kuunganisha hivyo."

Nilikuachia kwa heshima ya masomo yako. Sikushawishika, na mpaka leo sijashawishika, lakini nakubali kwamba sina ushahidi zaidi ya uchungu.

Ili kunituliza ukanisimulia habari ya korongo jengine, huko Uingereza unakokwenda, ambako mto ulikata mlima ukafunua chuma, na chokaa, na makaa ya mawe, vyote ubavuni pamoja, na viwanda vikubwa vya mwanzo vikaanzia pale. Chuo chenu kitawapeleka mkapaone. Macho yako yaliwaka ukisimulia. Mimi nikauliza, "Na kwao, miti ilipoadimika?"

"Wakageukia makaa ya mawe."

"Kwao mto ulifunua cha kugeukia. Kwetu ulifunua shaba peke yake."

Ukanitazama. "Hivyo sijapata kulifikiria," ukasema. Kisha ukaniongezea chai.

Na hapo, Thuraya, ndipo nilipokuuliza lile swali ambalo ndilo hasa linalonikosesha usingizi. Nilikuuliza, "Na wewe unakwenda kusomea haya haya?"

Ungeweza kunidanganya. Ungeweza kusema siku hizi kuna mitambo, kuna sheria, kuna hivi na vile. Watoto wa watu wanawapaka wazee wao asali mdomoni kila siku na maisha yanakwenda. Wewe ulisema, "Ndiyo." Halafu ukasema, "Dunia inataka shaba, Mama, kuliko zamani. Kila waya, kila gari la umeme. Wachimbaji watarudi huku, tutake tusitake. Sijui kama inaweza kufanywa bila ya kuumaliza mlima. Wallahi sijui. Nnataka nijue kabla hawajafika."

Njiani kurudi nilijifanya nimelala. Sikulala. Tulipokaribia nyumbani tukapita Wattaya, kwenye maduka ya magari, yamepangwa nyuma ya vioo na taa zote zimewashwa, nikayatazama yote yale nikahesabu waya. Jambo kama hili linamharibia mtu macho. Siwezi tena kuwasha feni bila ya kuuliza ilikula nini.

Sasa sikiliza ninayojua mimi, ambayo si mengi na wala si ya mawe.

Wale watu wa korongoni hawakuwa wajinga. Hilo ndilo linalonitisha. Miti ile haikumalizwa na ujinga. Ilimalizwa na ufundi. Mtu asiyejua kuyeyusha shaba hawezi kumaliza msitu. Kila mmoja wao alikuwa akifanya vizuri kazi aliyofunzwa na baba yake, na jioni akirudi nyumbani akisifiwa. Nimekaa dukani kwangu miaka mingi, nimewaona madaktari hodari na wasio hodari, na asiyejua huogopa akauliza. Hodari ndiye asiyeuliza. Wewe utakuwa hodari. Nakujua. Umekuwa hodari wa kila ulichokishika tangu ulipofungua redio ya babu yako ukairudisha ikaimba. Siku watakapokusifu sana, mwanangu, toka nje utazame vilima.

Na mimi nami nina ufundi wangu, ambao unaujua kwa sababu umekuunguza. Ni ulimi. Nilikuwa nikiona fahari kwamba sikosi neno. Kaka zangu walikuwa wakinikimbia. Mezani siku ile nilitafuta kwa haraka neno kubwa kuliko yote niliyonayo, nikaliokota, nikakutupia mtoto wangu wa pekee, niliyempata nikiwa nimeshakata tamaa ya kuitwa mama. Sikulipima. Nilikuwa nataka kitu kidogo tu, kwamba ubakie karibu nami na duka. Kwa kitu kidogo hicho nilikuwa tayari kuchoma kila kilichokuwepo baina yetu.

Nilishtuka kuyaona malundo yale. Lakini nilishtuka zaidi, na hili sijamwambia hata baba yako, nilipoona kwamba wewe, uliyenyimwa radhi, uliyekuwa ukijibu "Ndiyo, Mama" kwa habari za koti, ulitumia Ijumaa yako ya mwisho kunichukua mimi. Una marafiki. Una binamu zako waliokutengenezea karamu. Ukanichukua mimi, ukanibebea maji, ukanishika mkono kwenye changarawe kwa sababu ya viatu vyangu vya kipumbavu, na njia nzima hukuniomba lile neno. Hata mara moja. Nilikuwa nimejitayarisha kuombwa. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyokataa kidogo kabla ya kukubali. Hukuniomba, na ndipo nilipojua kwamba ulikuwa umeshakubali kuondoka bila ya radhi na bado ukataka mama yako aone mlima.

Kwa hiyo nakuandikia wazi, na nitalitamka kesho mbele ya baba yako, mkono wangu juu ya kichwa chako, kama inavyotakiwa: Thuraya, nimekuridhia. Nimekuridhia kwa masomo uliyoyachagua, si kwa yale niliyokuchagulia. Usidhani nimeelewa. Sijaelewa, naogopa, na kama watu hao watarudi pale korongoni sijui nitakuombea ufanikiwe au ushindwe. Radhi haingojei mzazi aelewe. Nilikuwa nimeifunga kwa sharti, na sharti nimelitoa. Ukirudi, rudi, ukibakia huko, bakia. Duka nitaliuza au nitalifia ndani yake, huo si mzigo wako.

Limebaki jambo moja, na kwetu haliombwi kwa mwana, najua. Mama yangu angeona haya kwa niaba yangu. Kabla ya safari watu hupita kwa jamaa na majirani wakaambiana: nisamehe nilipokukosea. Wewe umepita kwa wote. Sasa hivi uko Mawaleh unamwambia shangazi yako, ambaye hujapata kumkosea kwa lolote. Hapa nyumbani hukupita, na sikulaumu, kwa sababu mwenye kuomba hapa si wewe.

Nitaisukuma barua hii chini ya mlango wako kabla hamjarudi. Mimi nitakuwa jikoni. Ukishaisoma usiniandikie wala usije na maneno marefu, sitayaweza. Simama tu mlangoni uniambie, "Nimekusamehe, Mama." Na kama bado hujanisamehe, usiseme. Nenda na radhi yangu vivyo hivyo, mimi nitangoja.

Mama yako